Kumlisha kiwavi wa mndimu mpaka ajifunge

Anayetaka kufuga vipepeo hapa kijijini Pete, Unguja, mimi humwambia aanze na kiwavi wa mndimu. Kipepeo wake ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, na chakula chake kipo nyuma ya nyumba: mndimu, mlimau, mchungwa. Kata vijiti vyenye majani machanga, visimamishe kwenye chupa ya maji, uzibe mdomo wa chupa kwa kitambaa wasije wakazama. Miguu ya meza iingize kwenye vikopo vya maji, maana majimoto, wale sisimizi wekundu wakali, wakipanda hawabakishi kitu.

Halafu tazama ngozi. Akiwa mdogo ana kahawia na weupe, utadhani ndege kachafua jani. Maadamu homoni ya utoto, ile inayomfanya abaki kiwavi, imejaa damuni, kila akijivua hutoka kiwavi yule yule, ila kazidi ukubwa. Akijivua mara ya nne, hutoka kijani. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2008, kwa ndugu yake wa Asia, Papilio xuthus, kwamba rangi hiyo huja kwa sababu homoni ya utoto imeshuka. Walipompaka homoni hiyo mapema kabla hajajivua, alitoka tena na rangi ya kinyesi.

Huyu wa kijani ndiye wa kumlisha usiku na mchana. Ukimgusa atakutolea pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Usijali, mwekee jani. Tishu yake ya mafuta, ambayo kazi zake nyingi ni kama za ini letu, sasa hutengeneza protini za akiba na kuzimwaga damuni, hadi huwa sehemu kubwa ya protini zote zilizomo. Homoni ya utoto ikiwa juu, baadhi ya protini hizo huzuiwa. Kipepeo mwenyewe hunywa maji ya maua tu, ambayo hayana protini ya maana, kwa hiyo mabawa na misuli vitajengwa kwa alichokula sasa.

Wapo wanaoniuliza, "Bibi, mbona wangu katoka mdogo hivi?" Mwanangu, ulimnyima jani siku za mwisho. Kwa kiwavi wa tumbaku, ambaye wataalamu wamemchunguza sana, akishafikia uzito fulani hata ukimtia njaa hasubiri; hugeuka vivyo hivyo, na udogo wake.

Siku moja atasusa chakula, atoe kinyesi cha majimaji, aanze kuzurura. Ubongo umeshaziamrisha tezi za kifuani zitoe ekdisoni, homoni ya kujivua na kugeuka. Homoni hii ikipanda zaidi, tishu ya mafuta huzifyonza zile protini kutoka damuni na kuzihifadhi. Usimrudishe kwenye jani, hatokula. Msimamishie kijiti kikavu. Atajifunga uzi kiunoni na kutulia. Pupa, yaani kiwavi aliyegeuka lakini bado hajawa kipepeo, akishatoka, mwache mpaka kesho yake ngozi ikaze, ndipo umhamishe.

La dawa nalo msilichezee. Majani ya shamba lililopigwa dawa msiyaguse, hata kama muuzaji kasema haidhuru watu. Dawa ya wadudu iitwayo methopreni huiga homoni ya utoto, na kiwavi hushindwa kugeuka sawasawa. Nyingine, tebufenozidi, huiga ekdisoni: kiwavi huacha kula, hujivua kabla ya wakati, hufa na ngozi kuukuu mwilini.