Jinsi ya Kumchagua Mbunge Nchini Kenya

Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo baada ya ule wa tarehe 9 Agosti 2022, unaofuata umepangiwa tarehe 10 Agosti 2027. Hakikisha mapema kwamba jina lako limo katika daftari la wapigakura, kwani utaruhusiwa kupiga kura katika kituo ulichojiandikishia tu.

Siku hiyo, beba kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kupanga foleni kufikia saa hiyo hanyimwi nafasi. Karani akishathibitisha alama za vidole vyako, utapewa karatasi sita. Mbili zinahusu Bunge la Taifa: ya mbunge wa eneobunge na ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ambayo wengi huichukulia kwa wepesi isivyostahili. Tia alama moja katika kila karatasi, kisha uitumbukize katika sanduku lake.

Anayepata kura nyingi zaidi katika mojawapo ya maeneobunge 290 hushinda, hata asipofikisha nusu. Kaunti 47 huchagua wanawake 47, na vyama huteua 12 kulingana na viti vyao.

Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, Spika huiarifu tume ya uchaguzi katika siku 21, na uchaguzi mdogo hufanyika kabla ya siku 90 kwisha.