Kuchangisha Pesa za Utafiti wa Saratani ya Watoto: Mchango Usio na Picha

Nimekuwa mhazini wa kamati za harusi hapa Tabata miaka kumi na moja, kwa hiyo kudai ahadi si kazi ngeni kwangu. Lakini nilipoandika kwenye grupu la WhatsApp, "Ndugu zangu, tuchangie utafiti wa saratani ya watoto," nilijibiwa viganja vya sala kumi na tisa na shilingi elfu tano. Hiyo elfu tano ilitoka kwa mama yangu.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu mtu humchangia mtoto anayemwona, na utafiti hauna sura. Usizibe pengo hilo kwa kusambaza picha ya mtoto wa watu aliyelazwa. Taja kazi. Nenda kwa watafiti uwaulize ni kitu gani kimekwama kwa kukosa hela ndogo. Mimi niliambiwa nauli na vocha: wapo watoto walioacha dawa wakarudi mikoani, na asipokuwepo wa kuwafuatilia, hakuna ajuaye waliishia wapi. Hilo hata bodaboda wa kijiweni analielewa.

Atakayekwambia utafiti ni mambo ya maabara za Ulaya, msimulie habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari wiki kumi, kama kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmeona watoto wenye uvimbe wa taya? Wakagundua uvimbe ule, ambao ni saratani, unafuata maeneo ya joto na mvua, kama malaria. Vipande vyake vikapelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona ndani ya seli walizozikuza kutoka humo kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Ilianza na petroli na maswali.

Sasa pesa. Zisipite kwenye simu yako, hata kama unaaminika. Taasisi itoe akaunti yenye jina lake. Ikiwa ya serikali, kumbukumbu namba ya malipo. Kabla ya hapo omba kuona kibali cha maadili ya utafiti. Tanzania Bara, cha kitaifa hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti akinuna kwa swali hilo, aga uondoke.

Daftari liwe na jina, ahadi, kilicholipwa, na jina linalosomeka kwenye meseji ya muamala. Safu hiyo ya mwisho usiidharau: kuna mzee alilipa kwa laini ya shemeji yake, akaninunia wiki mbili kwamba sijamwandika.

Kumbusha mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Januari usithubutu, ni ada za shule.

Risiti ikitoka, ibandike kwenye grupu siku hiyohiyo. Nilipoibandika yangu, jirani mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliandika, "Wale watoto wamepatikana wangapi?" Ikabidi nimpigie mtafiti.