Trela ya kambi ya barabara mbovu: ekseli kwanza, jiko baadaye

Vipimo vya hapa ni vya trela ya ekseli moja, sanduku la mita 2.4 kwa 1.4, isiyozidi kilo 750 ikiwa imejaa maji, gesi na hema. Uzito huo Hilux au Prado huuvuta bila kuchoka sana kwenye mlima wa kuelekea Mau Summit, na fundi mzuri wa jua kali hapa Nakuru anaweza kuijenga yote kwa vyuma vya dukani. Trela nyingi huharibiwa na mpangilio wa kazi: mwenyewe anaanza na sanduku na droo za jiko, halafu ekseli inachomelewa palipobaki nafasi. Trela ya namna hiyo hutikisa mkia kwenye lami na kupasuka shasi kwenye mawe ya Bogoria.

Jambo la ofisi lisisubiri mwisho. Trela husajiliwa kivyake, na nambari yake huanza na herufi Z. Uliza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuhusu stakabadhi na ukaguzi kabla hujanunua chuma, na risiti zote zitunze.

1. Pima gari

Pima kimo cha mahali pa kuvutia kutoka chini, kisha upana kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya nyingine. Trela iwe na upana huohuo. Udongo mweusi ukilowa, gari huchimba mifereji miwili; tairi za trela zikipita kando ya mifereji hiyo, injini inalazimika kuchimba mingine miwili. Hesabu pia stadi za gurudumu, yaani boliti zinazolishika. Prado na Hilux za 4x4 zina sita kwenye duara la mm 139.7, kwa hiyo tafuta habu (vitovu vya magurudumu) za aina hiyo ili spea moja itumike gari na trela.

2. Shasi

Nunua tyubu za mstatili za mita 6: mbili za 75×50 na moja ya 100×50, zote unene wa mm 3. Ya kwanza itoe pande mbili za mita 2.4. Ya pili itoe vyuma vinne vya kukingama vya mita 1.3. Hiyo ya 100×50 itoe mikono miwili ya kuvutia ya mita 2.6.

Kata, panga sakafuni, shikiza kwa nukta tu za weldi, kisha pima kona kwa kona. Mishazari miwili ikipishana zaidi ya mm 3, gonga nukta zibanduke urudie sasa, maana shasi ikishachomelewa yote hainyooshwi tena kwa nyundo. Chomelea kipande kifupi upande huu, hamia upande wa pili. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mfululizo, joto litaikunja shasi kama ndizi.

Kwa tyubu hizi tumia elektrodi ya 6013 ya mm 2.5, ampea 70 hadi 90. Mikono na mabano ya springi yachomelewe kwa 7018, na iwe kavu: ikivuta unyevu, weldi hutoka na vitundu na baadaye hupasuka. Chuma chenye zinki kiondolewe zinki kwa grainda kwanza, kwa sababu moshi wake huleta homa ya usiku.

3. Mikono ya kuvutia

Hapa ndipo trela nyingi hukatika. Mikono ipite chini ya shasi, ikutane mita 1.5 mbele ya sanduku, na ncha zake za nyuma ziishie usawa wa sikio la mbele la springi, karibu mita moja ndani. Kila mkono ukienda mshazari nyuzi 15 kutoka mstari wa katikati, utafika pale pale. Ukiiishiza kwenye chuma cha kwanza cha kukingama, kila shimo la barabarani litakunja mahali pamoja mpaka paachie.

Angalia mahali mkono unapotokea chini ya sanduku. Fundi akipitisha weldi kukata upana wa tyubu kwa chini, ufa utaanzia kwenye mstari huo huo. Utauona kama uzi mwembamba wa kutu ambao rangi haiufichi. Weldi ziende kwa urefu wa tyubu. Bamba la kuimarisha likatwe umbo la almasi, ncha zake ziachwe bila weldi kwa sentimita moja hivi.

Kichwa cha tufe la mm 50 hakigeuki vya kutosha gari likilalia kulia na trela ikilalia kushoto. Kwa njia za mawe tafuta kichwa kinachozunguka. Weka minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kichwa ili iudake mkono ukichomoka.

4. Ekseli ikae wapi

Chukua karatasi. Andika uzito wa kila kitu na umbali wake kutoka kichwa cha kuvutia, zidisha, jumlisha. Mfano: shasi na mikono kilo 90 kwenye mita 2.1; sanduku na droo 220 kwenye 2.7, maji 60 kwenye 3.0, gesi na jerikeni 50 kwenye 1.2, hema la juu 60 kwenye 2.7, chakula na vyombo 110 kwenye 2.9, spea 30 kwenye 4.0. Jumla ya uzito ni 620, jumla ya majibu ya kuzidisha ni 1,624. Gawa 1,624 kwa 620: mita 2.62, ndiyo kitovu cha uzito. Gawa tena kwa 0.87, ili asilimia 13 ya uzito huo ilalie kichwani, upate mita 3.0, ndipo pa ekseli. Ekseli yenyewe, springi na magurudumu, karibu kilo 120, haviingii kwenye hesabu kwa kuwa vimekaa juu ya mstari huo.

Kichwani patalala karibu kilo 80, yaani asilimia 11 ya trela nzima. Lenga kati ya 10 na 15. Chini ya hapo mkia unaanza kucheza ukifika kilomita 80 kwa saa. Juu ya hapo nyuma ya gari inachuchumaa. Tangi la maji liwe karibu na ekseli, vinginevyo uzito wa kichwani utabadilika kila mnapopika.

5. Springi na ekseli

Chuma cha mraba cha mm 50, kisicho na uwazi ndani, kinatosha kwa ekseli. Springi za nyuma za pikapu ni ngumu mno zikiwa kamili: trela inarukaruka, vyombo vinavunjika, weldi zinachoka. Punguza majani mpaka trela iliyojaa izibonyeze sentimita 5 hadi 7, lakini jani kuu na la pili yabaki. Sikio la mbele lifungwe kwa pini, la nyuma lipewe sheko, kiungo kinachobembea, ili springi iweze kujinyoosha.

Shikiza mabano kwa nukta, kisha pima kwa futi ya kamba kutoka katikati ya kichwa hadi ncha ya ekseli kushoto, halafu kulia. Tofauti isizidi mm 3. Ikizidi, trela itatembea upande kama kaa na tairi zitalika kabla ya miezi sita.

Beringi zijazwe grisi hadi ndani ya rola. Kupaka nje hakusaidii. Kaza nati huku ukizungusha habu mpaka mchezo uishe, irudishe kidogo, funga kwa pini ya kupasuka. Baada ya kilomita 50 gusa habu: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza imekazwa mno. Kaza pia nati za magurudumu. Na habu ikiwa moto usiingie mtoni papo hapo. Ikipoa ghafla hufyonza maji kupita sili.

6. Sanduku, gesi, taa

Fremu ya tyubu 25×25, plaiwudi ya mm 18 chini, bati la rangi pande zote. Vumbi huingia kwa nyuma, kwani hewa ya pale hufyonza likikimbia gari. Mpira wa mlango uzunguke bila pengo, na tundu dogo lenye chujio liwekwe juu mbele ili hewa safi isukume kutoka ndani. Mtungi wa gesi ukae nje, na kisanduku chake kiwe na matundu chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama.

Taa zitumie plagi ya pini saba, na waya wa athi upitishwe mpaka kila taa. Fundi akitegemea kichwa cha kuvutia kiwe athi, utakanyaga breki uone indiketa zikiwaka.

7. Jaribio

Jaza kila kitu, maji yakiwemo. Weka mizani ya kujipimia chini ya kichwa, juu ya matofali ya kimo cha gari, usome kilo. Ikiwa si kati ya 75 na 110, hamisha mzigo kwanza. Ikikataa, kata nukta za mabano usogeze ekseli. Ndiyo sababu mabano huachwa na nukta tu, wala rangi haipakwi, kabla ya siku hii.