Kutia pedi za breki zisizo orijino kwenye pikapu, uani kwako

Sina ugomvi na pedi zisizo orijino. Hilux yangu ya zamani hushuka vilima vya njia ya Mkoani, hapa Pemba, msimu wa karafuu, mapolo yamejaa nyuma, na breki zinashika. Ninachokataa ni pedi kutiwa kwa pupa. Hizi za bei nafuu mara nyingi zinataka kupimwa na kupigwa tupa kidogo, na fundi mwenye foleni ya magari hana muda huo. Wewe unao.

Dukani nenda na pedi kuukuu mkononi. Hilux za miaka tofauti zina kalipa (kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski) tofauti, kwa hiyo jina la gari halitoshi: linganisha bati la mgongoni mwa pedi, masikio yake ya pembeni na matundu ya pini. Mimi huchagua zenye chembe za chuma. Zina kelele kidogo na zinaila diski mapema, lakini zinastahamili joto la mteremko na mzigo.

Egesha pahala tambarare, tia gia, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Legeza nati kabla ya kunyanyua, kisha weka stendi chini ya chesi. Usiingize mkono gari ikiwa juu ya jeki tupu. Fanya upande mmoja kwanza. Wa pili ubaki mzima, uutazame ukisahau kitu kilikaaje.

Kalipa yangu ni ya pistoni 4, haitelezi: natoa klipu, nachomoa pini, pedi zinakuwa tayari kutoka. Kama yako ni ya kuteleza, fungua bolti ya chini uinyanyue, na usiiache ikaning'inia kwenye mpira wa mafuta. Vumbi lipanguse kwa kitambaa kibichi, usilipulize. Si la kuvuta puani.

Sasa fungua kifuniko cha mafuta ya breki, urudishe pistoni ndani polepole. Kwenye pistoni 4, ukisukuma moja nyengine hutoka, kwa hiyo badilisha pedi moja huku ya upande wa pili ikiwa mahala pake. Mafuta yatapanda kwenye kikopo; yakimwagika osha kwa maji haraka, yanakula rangi.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Hewa yetu ya chumvi huotesha kutu pale pedi inapopita. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, bila kugusa mipira ya pistoni. Jaribu pedi mpya: lazima iteleze kwa kusukumwa na kidole. Ikigoma, usiigonge nyundo. Piga tupa masikio ya bati, rangi imezidi. Paka grisi ya breki, nyembamba, kwenye pini na mgongoni tu. Diski isiguswe na mafuta yoyote.

Ukisharudisha kila kitu mahala pake, kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau hili, breki ya kwanza itazama hadi chini. Angalia mafuta, kama yamepungua, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Kutoka kilomita 50 kwa saa punguza hadi 10 bila kusimama, urudie mara nyingi, ukiziacha breki zipoe katikati, ili pedi mpya zikubaliane na diski. Mzigo usubiri kwanza.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na rimu. Ya upande mmoja ikiwa moto kuliko mwenzake, pedi imebana: fungua tena, chukua tupa.