SOMO: Umetishwa au umeibiwa mtandaoni? Fanya haya kabla hujafika kituoni

Assalamu aleikum. Kila wiki swali ni lile lile: "Binti anatishwa na mtu wa Facebook, nimeshafuta kila kitu, polisi watanisaidiaje?" Naandika mara moja kwa ukamilifu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Ni kwa sheria za Kenya.

1. Usilipe. Anayelipwa hurudi, na bei hupanda.

2. Pesa zikishatoka kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 dakika hiyo hiyo. Zikishatolewa kwa wakala, njia hiyo imefungika. Na laini ikikosa mtandao ghafla ilhali ya jirani inashika, huenda mtu ameibadilisha, yaani amehamishia nambari yako kwenye kadi yake: tumia simu nyingine uipigie kampuni ya laini yako ifungwe.

3. Hifadhi ushahidi kabla ya kugusa chochote. Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na ndiyo hatua niliyowahi kuikosea. Ukibonyeza kuripoti mtu kwenye WhatsApp, hutokea kisanduku cha kumzuia na kufuta mazungumzo, na mara nyingi tayari kina tiki. Ukikubali bila kuitoa tiki, mazungumzo yamekwenda. Kwa hiyo kuripoti na kumzuia ni mwisho kabisa.

Anza kwa kutazama kama ujumbe unajifuta wenyewe (saa 24, siku 7 au siku 90). Kama unajifuta, huo ndio muda ulio nao. Fungua jina lake mpaka nambari ionekane yote, pamoja na ile ya nchi, upige skrinishoti. Kisha rudi mwanzo wa mazungumzo ushuke nayo, kila skrinishoti ianze na ujumbe wa mwisho wa iliyotangulia, ili asitokee mtu wa kusema umeruka katikati. Tarehe zionekane. Kwa Facebook, nakili linki ya ukurasa wake. Jina na picha hubadilishwa kwa dakika moja, lakini nambari ya akaunti iliyo nyuma yake haibadiliki, na hiyo ndiyo mpelelezi anaitaka.

Hamisha nakala kwa waya au memori kadi. Usikate picha, usichore duara jekundu, na ya asili ibaki ndani ya simu.

ONYO: kama ni picha ya uchi ya mtoto wa chini ya miaka 18, usimtumie yeyote, hata mjomba wake, wala usiichapishe saiba. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kuwa nayo na kuisambaza ni kosa, faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 25. Peleka simu yenyewe kituoni.

4. Kituoni taarifa huandikwa kwenye kitabu cha OB (kitabu cha matukio cha polisi). Ni bure. Usiondoke bila nambari ya OB. Kisha utaandikisha maelezo: yasome mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, hasa nambari za simu na saa. Tarakimu moja ikikosewa, askari ataomba kumbukumbu za laini ya mtu mwingine.

5. Simu ikichukuliwa na polisi kama ushahidi. Bonyeza *#06# uandike IMEI (nambari ya utambulisho wa simu yenyewe) kwenye karatasi (ya laini mbili ina IMEI mbili), na aina, rangi, mpaka ufa ulio kwenye kioo. Itajwe hivyo hivyo kwenye hati ya kupokelewa, nawe ubaki na nakala. Iweke hali ya ndege ili aliyeiba pasiwadi asiifute akiwa mbali. Usiirudishe kiwandani ukidhani unaisafisha. Uchunguzi wa kina hufanyika maabara ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), makao makuu, Kiambu Road Nairobi. Simu itakayovuka Mokowe (gati ya bara tunapovukia kutoka Lamu) haitarudi kesho, kwa hiyo nambari za watu wako ziandike mapema. Kule mtaalamu hutoa nakala ya kila kilichomo, huipigia hesabu inayotoa mfuatano mmoja wa herufi na tarakimu, kisha hufanyia kazi nakala. Herufi moja ikibadilika ndani, mfuatano hubadilika wote. Mahakamani huambatana na cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa gani kilitumika na nani aliyekisimamia. Karatasi za skrinishoti zisizo na cheti hicho wakili wa upande wa pili huzipinga mara moja. Kumbuka basi ulipiga skrinishoti kwa simu ipi na ulichapisha kwa mashine ipi.

6. Nyumbani. Weka uthibitisho wa hatua mbili (namba ya siri ya ziada juu ya ile ya SMS) kwenye WhatsApp za wote, bibi akiwemo. *106# ikuonyeshe laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wa Safaricom, *100*100# huzuia laini yako kubadilishwa nje ya maduka yao. Ujumbe wa matapeli tuma 333. Na mtoto akikuambia, usimpige wala usimnyang'anye simu kwa hasira. Akiogopa hilo, mara ya pili atanyamaza na atalipa kwa siri. Simu ya watoto ni 116, bure.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Nimetishwa jana nikamblock nikafuta. Nifanyeje?

Mwandishi: Soma hatua ya 3. Usisakinishe upya WhatsApp, usiongeze kitu kwenye simu, ipeleke ilivyo.

Kijana wa Langoni: Ni refu sana, nipe kwa kifupi.

Mwandishi: Hicho ndicho kifupi.

Um Faraj: Kwa nini umesisitiza waya? Mimi nilizoea kumtumia dada WhatsApp anihifadhie.

Mwandishi: Umeuliza la maana, dada. Picha ya kamera hubeba ndani yake saa iliyopigwa, aina ya simu, na pengine mahali. WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana na kuyaondoa hayo yote, ikabaki sura tu. Ukilazimika, iambatishe kama hati, huenda kama ilivyo. Waya bado ni bora, maana ni mikono miwili tu imeigusa.

Bakari wa Mokowe: Kuna jamaa kwa elfu mbili anaingia akaunti ya mtu akufichulie. Si haraka kuliko OB?

Mwandishi: Hapana, kaka. Kuingia bila ruhusa ni kosa kwa sheria hiyo hiyo, faini hadi milioni 5 au miaka 3, na wewe uliyemlipa umo. Tena atakuwa ameshika nambari yako na siri ya mwanao.

Mwanakombo: WhatsApp ya mama imechukuliwa, yaomba watu pesa. Tunasajili upya, inadai namba ya siri tusiyoijua.

Mwandishi: Pole. Mwizi ameweka hatua mbili. Mkishaingiza tarakimu sita za SMS, yeye hutolewa papo hapo, ila ninyi mtangoja siku 7. Wapigieni jamaa kwa sauti leo, mmoja mmoja. Mkiingia, tazameni vifaa vilivyounganishwa mvitoe vyote.

Bakari wa Mokowe: Na simu yenye ushahidi ikianguka baharini pale jeti?

Mwandishi: Izime na usiichaji hata kidogo, umeme na chumvi pamoja huila bodi. Mchele hautoi chumvi. Kama kesi iko wazi, mjulishe mpelelezi kabla fundi hajaifungua. Kama hakuna kesi, fundi aioshe bodi kwa spiriti siku hiyo hiyo.

Um Faraj: Na fundi wa kawaida, tumpe namba ya siri?

Mwandishi: Kioo na betri havihitaji. Toa laini na memori kadi, kaa pale pale mpaka amalize.