Pensheni Yako Soko Linapoyumba: Soma Kabla Hujahamia Fedha Taslimu

Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya wa forodha kwa bidhaa kutoka karibu nchi zote duniani. Katika siku mbili zilizofuata, Alhamisi na Ijumaa, fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa takriban 500 za Marekani, ilishuka zaidi ya asilimia 10. Jumatano ya wiki iliyofuata sehemu kubwa ya ushuru huo ikasitishwa kwa siku 90, na siku hiyohiyo fahirisi ikapanda asilimia 9.5. Kufikia mwisho wa Juni ilikuwa imevunja rekodi yake ya awali.

Katikati ya wiki hizo makundi yetu ya WhatsApp yalijaa swali moja: niitoe pensheni yangu kwenye hisa au nitulie? Ni swali halali. Kwa wengi tulio ughaibuni, pensheni ya kazini ndiyo akiba kubwa kuliko zote tulizonazo, na mara nyingi hatukuipanga wenyewe. Mwajiri alianza kukata, mfuko ukatuweka kwenye chaguo lake la kawaida, tukasahau. Mtu anakuja kufungua akaunti na kusoma pesa zake ziko wapi siku soko limeporomoka, yaani siku ambayo kichwa hakifanyi hesabu.

Mimi nilifungua yangu wiki ya tatu ya Machi 2020. Nilihamisha kila kitu kwenda fedha taslimu, na usiku ule nikalala vizuri. Tarehe 23 Machi soko likafika chini kabisa, likaanza kupanda. Nikasema nitarudi likishuka tena. Halikushuka. Agosti S&P 500 ilikuwa imerudi pale ilipokuwa Februari, na mimi nilirudi Novemba, nikinunua kwa bei kubwa kuliko niliyouzia. Kwa hiyo anayeandika hapa si mshauri mwenye leseni. Ni mtu aliyekwisha lipia somo.

Kitufe kinafanya nini hasa

Kuhamisha pesa ndani ya mfuko, kutoka chaguo la hisa kwenda la fedha taslimu, si sawa na kuzitoa. Ndani ya mipango ya akiba ya uzeeni kama 401(k) ya Marekani, pensheni ya kazini ya Uingereza, RRSP ya Kanada au superannuation ya Australia, uhamisho wa namna hii haukuletei bili ya kodi. Kutoa ni habari nyingine. Marekani, ukitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida unalipa kodi ya mapato na juu yake adhabu ya asilimia 10. Uingereza mlango unafunguka ukiwa na miaka 55, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 utafunguka ukiwa na 57. Australia ni 60. Ukiwa na hofu, angalia ni kitufe kipi kidole chako kimekaribia.

Akaunti nyingi zina mipangilio miwili: mmoja wa pesa zilizokwisha ingia, mwingine wa michango itakayokuja. Kubadilisha mmoja hakugusi mwingine. Mtu anaamini amehamia fedha taslimu, kumbe kilichobadilika ni mchango wa mwezi ujao tu, na akiba yote imebaki kwenye hisa. Au la kinyume, ambalo naliona baya zaidi kwa sababu halina kelele: amerudisha akiba yake kwenye hisa, lakini mchango wa kila mwezi unaendelea kuingia kwenye fedha taslimu kwa miaka bila yeye kujua. Fungua kurasa zote mbili. Na kama bado una miaka 15 au zaidi ya kufanya kazi, mpangilio wa michango ndio ningekuomba usiuguse kabisa, kwa kuwa bei zikishuka, pesa ileile ya mshahara inanunua vipande vingi zaidi vya mfuko.

Kisha kuna suala la bei. Mfuko wa pensheni hauuzi vipande vyako dakika unapobonyeza. Ombi husubiri bei inayopigwa mwisho wa siku, mara nyingi ya siku ya kazi inayofuata, na kwingine huchukua siku kadhaa. Aliyebonyeza Ijumaa usiku tarehe 4 Aprili aliuza kwa bei asiyoijua, kisha akahitaji kurudi kabla ya Jumatano ili asikose ile asilimia 9.5. Karibu haiwezekani, na baadhi ya mipango humfungia mlango wa kurudi kwa wiki kadhaa mtu anayeingia na kutoka.

Na hizo "fedha taslimu" zenyewe si noti kwenye sanduku. Kwa kawaida ni mfuko wa soko la fedha wenye amana za benki na dhamana za serikali za muda mfupi. Ni tulivu, ila si jiwe. Septemba 2008, baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kuanguka, mfuko mmoja mkubwa wa aina hiyo Marekani ulishuka chini ya dola moja kwa kipande, bei ambayo ilikusudiwa isitikisike. Tukio kama hilo ni nadra. Lisilo nadra ni mfumuko wa bei. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikaa asilimia 0.1 kuanzia Machi 2020 hadi Desemba 2021, halafu Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini humo ukafika asilimia 11.1. Aliyekimbilia fedha taslimu mwaka 2020 akabaki humo, salio lake halikupungua hata senti, lakini lilinunua vitu vichache mno.

Kutoka ni nusu ya uamuzi

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Kuuza ni rahisi kwa sababu hofu inasukuma. Kurudi hakuna kinachosukuma. Soko likipanda kidogo unasema ni la uongo, likipanda zaidi unasema sasa ni ghali, na siku ukichoka kusubiri unanunua juu.

Chukua hesabu ndogo. Una 100,000. Soko linashuka asilimia 30, unabaki na 70,000, unahamia fedha taslimu. Miezi inapita, soko limepanda hadi 85 kwa kila 100 ya mwanzo, moyo umetulia, unarudi na 70,000 zako. Soko likimaliza safari na kufika 100, wewe una takriban 82,350. Mwenzako ambaye hakufungua hata akaunti ana 100,000. Hakukushinda kwa akili. Na kumbuka kwamba anayepoteza asilimia 30 anahitaji kupanda karibu asilimia 43 ili arudi alipokuwa, na anayepoteza asilimia 50 anahitaji asilimia 100.

Basi kama lazima utoke, andika kwanza utarudi lini, na uandike kwa tarehe, si kwa hisia. Kwa mfano: theluthi moja inarudi baada ya miezi mitatu, nyingine baada ya sita, ya mwisho baada ya tisa, soko liwe limepanda au limeshuka. Mpe karatasi hiyo mwenzi wako. Mtu anayeona aibu kuandika tarehe hizo hajaamua kuhama, amechoka tu kuangalia namba nyekundu. Kwa hilo dawa ipo: futa programu ya mfuko kwenye simu kwa mwezi mmoja.

Siwezi kukuambia kwamba soko hurudi haraka kila mara. Nikkei, fahirisi ya hisa ya Japani, ilifika kilele Desemba 1989 na haikukivuka hadi Februari 2024, zaidi ya miaka 34. S&P 500 iliyoanza kuanguka Oktoba 2007 ilipoteza karibu asilimia 57 kufikia Machi 2009, na ikarudi kwenye kilele chake mwaka 2013. Ndiyo maana hisa zako zinafaa kutawanyika duniani badala ya kukaa katika nchi moja, hata kama ndiyo nchi inayokulipa mshahara.

Gawa kwa miaka

Swali la soko litakwendaje halina mwenye jibu. Swali lenye jibu ni hili: pesa hizi nitazila lini?

Mwenye miaka 35 hatagusa pensheni yake kwa miongo miwili au zaidi. Soko kuporomoka mwaka huu kunamhusu kidogo sana. Mwenye miaka 62 anayeacha kazi mwakani yuko mahali pengine kabisa, na kwake misukosuko ina meno. Tuseme anahitaji 20,000 kwa mwaka. Kipande kikiwa na bei ya 10, anauza vipande 2,000. Kikishuka hadi 6.5, anauza takriban 3,077 kwa mahitaji yaleyale, na vile 1,077 vya ziada havitakuwepo soko litakaporudi. Mporomoko wa miaka miwili ya kwanza ya kustaafu unaweza kuumiza kuliko mporomoko mkubwa zaidi wa miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo mtu huyu anahitaji fedha taslimu, na anazihitaji kabla ya dhoruba. Utaratibu ninaoupendelea ni huu: kuanzia miaka mitano hivi kabla ya kustaafu, jenga polepole fungu la fedha taslimu linalotosha matumizi ya miaka miwili hadi mitatu, ukiondoa mapato mengine ya uhakika kama pensheni ya serikali. Matumizi ya miaka michache inayofuata yakae kwenye hatifungani, yaani mikopo ambayo serikali au kampuni hulipia riba. Yanayobaki, ambayo hutayagusa kwa muda mrefu, yabaki kwenye hisa. Soko likianguka unakula fungu la kwanza na hulazimiki kuuza hisa kwa bei ya hasara. Likipanda, unajaza fungu upya. Hatifungani nazo zina siku zao mbaya: mwaka 2022 zilianguka pamoja na hisa, na waliokuwa wameambiwa kwamba kimoja hufidia kingine walishangaa sana.

Kabla ya kujenga chochote, angalia kama mfuko haujakujengea. Chaguo la kawaida katika mipango mingi hupunguza hisa lenyewe kadiri mwaka wako wa kustaafu unavyokaribia. Ukiongeza uhamisho wako juu ya huo, unaweza kujikuta na fedha taslimu kupita kiasi bila kukusudia. Wanaotumia chaguo linalofuata sharia ya Kiislamu waangalie upande wa pili. Kwa kuwa hatifungani za kawaida zina riba, chaguo hilo mara nyingi hubeba hisa karibu tupu, na linaweza lisipunguze chochote hadi siku unapostaafu.

Sarafu, simu na matapeli

Kama utastaafu Afrika Mashariki, "fedha taslimu" kwenye mfuko wa dola au pauni bado zinayumba, kwa sababu utazitumia kwa shilingi. Mapema 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 129. Huo ni mshuko wa takriban asilimia 19 kwa mtu aliyedhani hana hatari yoyote. Jibu si kubashiri sarafu. Badilisha kwa awamu, kulingana na matumizi ya mwaka.

Misimu ya hofu huleta pia watu wanaojitolea "kuifungua" pensheni yako mapema ili uiweke kwenye kiwanja au biashara yao. Uingereza imepiga marufuku simu za kushtukiza kuhusu pensheni tangu Januari 2019, na anayetoa kabla ya umri bila sababu inayokubalika anaweza kutozwa kodi ya hadi asilimia 55. Aliyekushauri hatailipa.

La mwisho ni dogo, na limekwamisha wengi. Mifuko hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya nchi ulikokuwa unafanya kazi. Laini ikifungwa baada ya kuhama, huwezi kuingia kwenye akaunti, na kurudisha ufikiaji kunaweza kuchukua wiki za kutuma nakala za pasipoti. Badilisha namba, barua pepe, anwani na jina la mrithi kabla hujapanda ndege, na ujaribu kuingia mara moja ukiwa na laini mpya wakati ile ya zamani bado inafanya kazi.