Pembe za Honda Tadakatsu kwa magazeti na uji wa ngano

Jozi ya kwanza ya pembe hizi, za kofia ya mchezo wa jukwaani, niliichonga kwa mbao. Kijana aliyeigiza Honda Tadakatsu, jenerali wa samurai wa Japani, alipoinama mbele ya bwana wake, Tokugawa Ieyasu, kofia ikamtangulia chini na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baadaye ndipo nikajua kwamba hata jenerali mwenyewe hakuvaa mbao wala pembe halisi za kulungu. Zake zilikuwa karatasi za Kijapani, tabaka juu ya tabaka, zikapakwa laka nyeusi. Mtu aliyeingia mapigano zaidi ya 50, na inasemekana hakujeruhiwa hata mara moja, alijua thamani ya shingo nyepesi.

Basi kunja waya wa kufungia nondo mara mbili, usokote shina la urefu wa dhiraa, kisha ufunge matawi matatu. Gazeti lichane kwa mkono, vipande vya upana wa vidole viwili. Ukikata kwa mkasi kingo zitabanduka. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye vikombe vinne vya maji baridi, ndipo ubandike jikoni mpaka uwe uji unaoteleza. Tia kijiko cha chumvi usiote ukungu.

Viringisha tabaka mbili, anika kivulini, rudia hadi zifike sita. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Gonga kwa ukucha: ikilia bubu, ndani bado mbichi. Ikikauka, piga msasa laini, kisha rangi nyeusi ya mafuta mara mbili.

Zifunge ubavuni mwa kofia, kulia na kushoto. Wanaozibandika kwenye paji la uso wanatengeneza mbuzi.

Rozari yake ya shanga kubwa za mbao zilizopakwa dhahabu ipite begani hadi kiunoni. Husemwa aliivaa kwa ajili ya roho za aliowaua.

Mkuki wake, Tonbokiri, unasifiwa kuwa kereng'ende alitua kwenye makali akakatika vipande viwili. Mpini wake, wasimulizi husema, ulikuwa wa mita 6 hivi, na alipozeeka akaupunguza karibu sentimita 90 kwa kuwa nguvu zimepungua. Kwa hiyo andaa miti miwili: mrefu wa vita vya Sekigahara, 1600, na mfupi wa Kuwana, alikopewa ngome mwaka 1601 na kufariki 1610.